Fundi wa Majina ya .cd

Fundi wa majina ya mtandao pale Uvira ana vidole vinene, lakini hugusa vitufe kwa upole, kama mtu anayechambua mchele. Akitaka kusema jambo lisilopendeza, kwanza hufuta miwani kwa pindo la shati. Aliifuta sana siku alipokuja Victoire, kiongozi wa ushirika wa wakulima wa mpunga wa Luberizi. Wakati wa mavuno walisahau kulipia upya jina lao la .cd, alama ya Kongo mtandaoni, na Ndikumana, mchuuzi wa Lubarika, akaliandikisha kuwa lake. Sasa wanunuzi wanamwandikia yeye.

"Dunia iko na sheria," alisema Victoire. "Mwenye kusahau anapewa siku za kurudilia jina lake."

"Mama, ile ni ya .com. Jina la inchi, kila inchi inajipangia. Wakubwa wa dunia hawawezi kuwaamrisha wenye .cd."

"Basi tumelipoteza?"

Fundi alichukua simu. Alimpigia Ndikumana, akamsalimu kwa Kirundi, akauliza habari za mama yake, ng'ombe, mvua ya bonde la Ruzizi. Victoire alimkonyeza aharakishe. Fundi akamgeuzia mgongo, akaendelea na ng'ombe. Mwishowe akampa simu. "Weye pia, anza na salamu."

Victoire alisalimu kwa shida, kisha akauliza habari ya jina.

"Dada, nilizani muliliacha," alisema Ndikumana. "Mulichukue. Mungeniita tu."

Victoire alikuwa amekuja na maneno makali ya kutosha kesi nzima. Aliyaacha, akamwuliza Ndikumana tena mama yake anaendeleaje.