Nilivyofundisha Binti Yangu Kuangalia Bakubwa mu Macho

Miye hakuna siku hata moja niliombaka mutu kazi. Niliacha masomo mu ya tano primaire, nikasukuma baiskeli ya maharagi toka Kirumba mupaka Butembo. Leo niko na depo ya maharagi mu Kimemi, hapa Butembo, na nyumba ya etaje. Ngazi yake nilichora minyewe, na kidole, mu muchanga. Donc wakati binti yangu wa kwanza alimaliza agronomie, masomo ya kulima, na bakamuita kule muji wa Beni kwa interview ya kazi, nilisema: mwalimu iko humu humu mu nyumba.

Kazi ilikuwa ya kununua kakao kwa balimaji, mu depo moja ya Bungulu, kule Beni. Binti aliitaka sana. Tangu apate diplome alikuwa anakaa tu kuchambua maharagi na mama yake, na barafiki yake bote balishapata kazi. Lakini kwetu mutoto muzuri anajibu mukubwa pole pole, macho chini, na miye nilimulea vizuri kupita batu bote ba avenue yetu. Sasa batu ba bureau banataka umuangalie mutu mu macho. Njo shida.

Nilivaa koti, nikakaa nyuma ya meza ya kulia. Bibi yangu, mama ya binti, alikaa pembeni, mukubwa wa pili.

"Mademoiselle, juu ya nini tukupatie kazi weye?"

Akajibu meza. Sikusikia hata neno.

"Niangalie mu macho!"

"Papa, naona haya."

"Hapana papa! Miye ni patron wa kakao!"

"Patron wa kakao anavaa kambambili mu miguu?" bibi yangu akauliza.

Nikavaa lunettes nyeusi za pikipiki, binti asione macho yangu. Akajiona mule ndani, akaanza kutengeneza nywele.

Nilikuwa napiga kelele, "Angalia! Angalia tena! Usifunge macho!", wakati shangazi yangu, dada mukubwa wa baba, aliingia na kitunga yake.

"Mutoto gani anaangalia baba yake hivi? Na weye njo unamutuma? Kichwa yako iko muzima?"

"Shangazi, ni masomo."

"Masomo? Weye ulisoma wapi?"

Bibi yangu akakimbilia jikoni kucheka. Lakini miye akili yangu inafanyaka kazi mbio. Mu famille yetu hakuna mutu anaangaliaka ule mama mu macho, hata miye. Nikamupatia kiti yangu.

"Mukae hapa, mumuulize."

Shangazi akakaa vizuri, akapanga kikwembe yake juu ya magoti.

"Unajua kupika?"

"Shangazi, ni kazi ya kakao."

"Nimeuliza."

Binti akainua kichwa. "Najua. Lakini kule Beni nitapima kakao, hapana kupika."

Shangazi akamuangalia toka kichwa mupaka miguu.

"Hm," shangazi akasema. "Huyu iko na ulimi."

Kwa shangazi, ile ni diplome ya pili.

Siku yenyewe ya interview nilimupeleka Beni na pikipiki yangu. Sentineli wa mulango akanifungia njia.

"Papa, weye njo unatafuta kazi?"

"Miye? Miye natoaka kazi!"

Akaniacha kwenye benchi, chini ya dirisha, binti akaingia peke yake. Nikasikia sauti ya mukubwa mumoja, nzito, mutu wa miaka mingi:

"Mulimaji wa miaka sawa baba yako akuletee kakao yenye maji, aseme imekauka. Utafanya nini?"

Nilijua kichwa ya binti imeshuka tena. Jibu nilikuwa nayo, na nilishainuka kuisemea mu dirisha.

"Nitamusalimia vizuri," binti akasema, "nitamupatia kiti. Kisha nitamuambia: papa, kakao iko na maji, tuianike pamoja."

"Na akikasirika?"

"Atakasirika akiwa amekaa."

Mule ndani bakacheka bote. Nikakaa polepole, na ile benchi ilikuwa tamu kupita kiti yoyote ya nyumba yangu.

Binti akatoka na meno yote inje. "Papa, bamenitwaa! Naanza kazi siku ya lundi."

"Ulimuangalia mu macho?"

"Niliangalia kofia yake."

"Ni sawa. Kofia iko karibu na macho."

Nikageukia sentineli, nikamuambia kama iko na mutoto anatafuta kazi, amulete Kimemi, nitamufundisha bure.

"Na weye, papa, uko na diplome gani?"

Nikamuonyesha binti yangu. Alishapanda pikipiki, ananingojea.