Kondoo Aliyemtangulia Clarrie

Clarrie Mulvaney alinyoa kondoo kwa miaka thelathini huko Hay, Australia, na hakuna kondoo aliyetoka mikononi mwake bila kutukanwa. Kisha kioo kikamkata neva ya kiganja cha kulia, vidole vikafa ganzi. Dokta Nerida akamwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya ya kuponya neva, na mwaka uliofuata vidole vikarudi.

Akaenda kwenye shamba la utafiti la Dokta na keki ya shukrani.

"Mshukuru huyu," Dokta akamwambia, akimwonyesha kondoo jike mzee mwenye manyoya tele. "Tulimpiga nusukaputi, tukamkata neva ya mguu, akapewa dawa hiyo kabla yako."

"Na nani anamnyoa?"

"Wanafunzi wangu."

"Watamchuna hao, Dokta." Clarrie akavua koti, akaomba mashine.

Alimnyoa taratibu kama anayemnyoa bwana harusi, asimchubue popote. Alipomwachia tu, kondoo akamtandika teke la kifua kwa mguu ule ule uliokatwa neva.

Clarrie akakaa chini akihema. Tusi lilikuwa limeshafika mdomoni, akalimeza.

"Umepona vizuri, mama," akasema. "Asante."