Mlango wa Mninga

Wiki iliyopita fundi wangu pale Isevya alileta kamba za magome ya miyombo, zimelowekwa tangu jana yake, ili afungie jukwaa. Misumari nilimnunulia ya kutosha, lakini mzee huyo hauamini msumari. Harufu ya yale magome mabichi, yenye uchungu kidogo kama chai iliyosahauliwa jikoni, ilinifikia nikiwa nimeshika ramani, nikashindwa kuendelea kusoma vipimo. Ramani yenyewe nimeichora kwa mkono wangu. Nina stashahada ya ufundi wa majengo, mwanamke wa kwanza kuipata katika ukoo wetu, na baada ya kujenga nyumba za watu wengine Dar es Salaam na Mwanza kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, nimerudi Tabora kujenga yangu. Sioni haya kulisema hilo. Aliyepanda mlima kwa miguu yake ana haki ya kuwaeleza wenzake ulivyo.

Lakini harufu ile haikunikumbusha stashahada. Ilinirudisha kijijini Goweko, kwenye nyumba ya kwanza niliyoshiriki kuijenga, ambayo paa lake lilifungwa kwa kamba kama zile, na ambayo niliiharibu kabla msingi wake haujachimbwa.

Nilikuwa darasa la nne. Tuliishi ndani ya uzio wa minyaa, nyumba tatu: ya Bibi, mama yake Baba, ya Baba na Mama, na ya Baba Mdogo na mkewe. Jiko lilikuwa moja, la Bibi. Mama alikuwa amepika katika jiko hilo tangu alipoolewa, akipimiwa hata chumvi. Baba alimwahidi nyumba yenye jiko lake, na ahadi hiyo ilikuwa imezeeka kuliko mimi. Kwa hiyo lilipokuja tangazo kwamba watu wote wahamie kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, wengi walinung'unika, Mama akaanza kuimba. Aliuza karanga zake za misimu miwili, akapanda treni hadi Tabora, akarudi na mlango. Mlango wa mninga, mwekundu, wenye kitasa, mzito hata wanaume wawili waliushusha stesheni huku wakitweta.

"Mama Kabula," mmoja alimtania, "mlango umefika. Nyumba inakuja na treni ya kesho?"

"Nyumba inakuja kwa miguu," Mama akajibu. "Wewe beba."

Siku karani alipokuja kuandikisha watu, Baba na Baba Mdogo walikuwa kwenye bani wakikausha tumbaku, na Mama alikuwa kisimani. Karani alitukuta mimi na Bibi, aliyekuwa akipepeta mtama. Sikuwahi kumsikia Bibi akisema Kiswahili zaidi ya kuitikia marahaba. Nyumbani kwetu kilikuwa Kinyamwezi tu, na mimi, wa kwanza darasani kwa Kiswahili, nilijiona ndiye mdomo wa ukoo.

"Muulize bibi yako," karani alisema, "hapa mna kaya ngapi?"

Sikumuuliza. Kulikuwa na nini cha kuuliza? Kaya ni neno letu wenyewe. Kwa Kinyamwezi ni nyumbani kwenu pote, pamoja na wote waliomo, mbuzi na vihenge vya nafaka. Neno lilikuwa lile lile pande zote mbili, nikaona halihitaji mkalimani.

"Moja," nikasema.

Karani alizitazama zile nyumba tatu. "Una hakika, ndugu?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita ndugu. Nilivimba kama andazi. "Kaya moja," nikasema tena. "Sisi hatujagawanyika."

Ungo wa Bibi ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Karani akaandika. Kumbe katika daftari lake kaya ilikuwa mume, mke na watoto wao, na kila kaya ilipewa kiwanja kimoja. Tukapata kiwanja kimoja, vigingi vinne, kwa watu kumi na mmoja.

Baba alikizunguka kiwanja kile kwa hatua mara tatu, kama kwamba kingeongezeka. Akauliza nani alijibu.

"Msomi wetu," Baba Mdogo akasema. "Shukuru hakuulizwa mna wake wangapi. Angesema na mke ni mmoja."

Mama hakucheka. Hakunigombeza pia, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na hapakuwa na nafasi ya kumfuata karani wilayani. Ikabidi ijengwe nyumba moja ndefu ya vyumba vitatu, yenye uwazi wa jikoni kwa nyuma, na mbele mlango mmoja, kwa kuwa amri ya kijiji ilikuwa nyumba zote zitazame barabara kwa mstari. Siku zile hakuna aliyekaa chini akatulia. Tulikanyaga udongo tangu alfajiri. Matofali yalitolewa kwenye vibao kabla hayajakauka, yakavunjika, yakafyatuliwa tena. Kila wingu lilipopita, mtu alikimbia kufunika kitu.

Miimo iliposimamishwa, Bibi alisema mlango wa mninga uletwe. Haukuwepo. Baba aliutafuta, akaukuta umelazwa nyuma ya bani, Mama ameanika karanga juu yake.

"Mama Kabula, huo ni mlango wa nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Nyumba yetu."

"Ikisimama niite," Mama akasema, akaendelea kugeuza karanga.

Basi mbele pakafungwa mlango wa matete. Tukahamia. Na Mama, tangu siku ya kwanza, hakupita mbele hata mara moja. Alikuwa anaizunguka nyumba yote, ndoo kichwani, mdogo wangu mgongoni, akiingilia uwazi wa jikoni. Mvua ya kwanza iliponyesha alizunguka vile vile, akifika ndani amelowa. Baba alimsihi. Baba Mdogo alimtania mara moja, hakurudia. Mimi nilikuwa nasimama pale mbele nikiwa nimeushika ule mlango wa matete uwe wazi, nikimwita apite, naye ananipita kwa upole akiniuliza kama nimekula.

Hali hiyo iliendelea karibu mwezi mzima. Asubuhi moja Bibi alimtazama akikata kona ya nyumba, akaweka chini kibuyu chake, akamwambia Baba kwa Kinyamwezi: "Mtu akiingia kwa nyuma kwake mwenyewe, huyo amekwisha kuhama." Kisha akajifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda wilayani, ofisini kwa karani.

Nilijiandaa kutafsiri. Karani akauliza, nikafungua mdomo, lakini Bibi alinitangulia.

"Kijana wangu," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu, "kaya ni moja. Nyumba ni tatu. Wewe andika nyumba."

Njiani nilimuuliza alijifunzia wapi. Akaniambia baba yake alikuwa mpagazi, na kwamba Kiswahili kilipita mlangoni kwao kikienda Ujiji kabla baba wa karani yule hajazaliwa.

Sikulifikiria zaidi. Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe kuondoka mmoja mmoja, kuelewa kwamba siku ile ya ungo Bibi aliyasikia yote mawili, kaya ya karani na kaya yetu, akaliacha jibu langu lipite kwa kuwa lilimbakizia wanawe. Na hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Aliacha watu waendelee kunicheka mimi.

Nyumba ya Mama ilijengwa kati ya mvua na mvua, kwenye kiwanja tulichoongezewa, viwanja tisa kutoka kwa Bibi. Mlango uliingia kwenye miimo yake bila kuparuzwa. Siku ya tatu tulikuwa ndani tukila, tukasikia sauti nje.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Bibi. Katika uzio wetu wa minyaa hakuna aliyewahi kupiga hodi, na mimi nilicheka, nikidhani anafanya mzaha. Mama hakucheka. Aliosha mkono wake taratibu, akaufuta, akasimama akakitazama kitasa kama mtu aliyesahau kinavyofunguliwa.

"Hodi wenyewe," Bibi akarudia, na akangoja.