Poda kwenye Injini

Mwanangu ana wiki tatu. Kila nikimpaka poda shingoni, harufu yake inanirudisha uani kwetu Songo, kwenye pikipiki kuukuu ya baba.

Ilikuwa inavuja mafuta. Baba alikaza kila skrubu ya chini, lakini doa jeusi lilizidi kutanuka mchangani. Siku hiyo aliiosha injini kwa petroli, akaikausha, akaniambia, "Leta unga kidogo. Tupake, tuone mafuta inatokea wapi."

Aliyetoka ni mama. Tangu tulipomzika mdogo wangu, aliyeishi siku nne tu, mama alikuwa hasemi, hatoki ndani. Mkononi alishika kopo la poda ya mtoto, ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Baba alisimama. "Mama, acha. Unga iko."

"Unga ni ya kula," mama akasema. "Miye nitapaka."

Akachuchumaa, akaipaka injini poda taratibu, kila mkunjo, kwa ncha za vidole. Baba akawasha. Tuliinama sote watatu, tukitazama ule weupe ukitetemeka, mpaka mstari mwembamba mweusi ukateremka kutoka kwenye kifuniko cha juu.

"Haiko chini!" mama akapaza sauti. "Iko inatokea huku juu! Na weye wiki yote unakaza chini!"

Baba akacheka. Mama naye akacheka, kisha akalia, na baba akamkumbatia kwa mikono yake yenye mafuta.

Baba alikata karatasi mpya ya kuzibia, akakifunga kifuniko. Jioni mama alivaa kitenge safi, akapanda nyuma yake, wakaenda hadi ziwani.