Hitilafu ya Saa Tisa

Khairat binti Hamza aliandika kila kitu daftarini. Tabia hiyo aliipata kazini, miaka kumi na minne akiwa katibu muhtasi wa shirika moja la umma mjini Dodoma, mpaka shirika lilipouzwa, mwenye mali mpya akaja na katibu wake. Akarudi kwa wazazi wake Majengo na talaka moja, barua ya shukrani, na vidole vyenye kasi ambayo sasa hakuna aliyeihitaji. Miaka sita ilikuwa imepita hivyo.

Kompyuta aliletewa na kaka yake aliyekuwa Muscat. Majirani walikuja kuitazama, wakaisifu kama mtoto mchanga, wakaenda zao. Intaneti ilipita katika waya wa simu, na sebuleni palikuwa na tundu moja tu: ukitaka intaneti, unachomoa simu unachomeka modemu. Simu nyingine, ya marehemu baba, ilikuwa chumbani kwa mama.

Mzee Hamza alikuwa mtu wa Kondoa, muuza ufuta, nta na asali karibu na soko kuu, na alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Mkewe, Bi Swaumu, alikuwa katika eda, amevaa nyeupe, hatoki. Na tangu kipindi hicho intaneti ya Khairat ilianza kukatika. Asubuhi nzima, adhuhuri nzima, kisha ghafla kompyuta inaandika kwamba haisikii mlio wa simu. Baada ya saa moja hivi inapona yenyewe.

Alimwita Yotham, fundi redio wa mtaa wa pili. Yotham alikuja asubuhi, akaikuta nzima.

"Dada Khairat, shikamoo. Hii ina virusi."

"Marahaba. Mwezi uliopita ulisema pasi yangu ina virusi."

"Na si ilikuwa mbovu?"

Khairat akamnywesha chai, akamshukuru, akarudi kwenye daftari lake. Jumatatu, saa tisa kamili. Jumanne, saa tisa na dakika mbili. Jumatano, saa tisa kamili. Hitilafu gani hii inayojua kusoma saa? Alishuku jua la mchana linalochemsha waya nguzoni. Alishuku upepo. Alishuku mafundi mitambo wa kampuni ya simu, kwamba wanakwenda kula na kuzima kila kitu, na hapo alikuwa anawaonea tu.

Ijumaa gazeti la juzi lilifika mjini kama kawaida yake. Khairat akaliazima dukani saa saba mchana, na ukurasa wa kumi na moja akakuta tangazo: mradi wa maji wa Chamwino, wenye ofisi mjini, unatafuta katibu. Maombi yatumwe kwa baruapepe tu, maana wanamtaka mtu anayeijua. Mwisho wa kupokea ni leo, saa tisa na nusu.

Alisoma mara mbili. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na tangazo jingine la namna hiyo hakulitarajia tena. Akakaa kwenye kiti, akachapa maelezo yake ya kazi bila kosa hata moja, akabofya ili aunganishwe. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tisa kwa dakika nne.

Hakuna mlio wa simu.

Akazima, akawasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Akafuata waya mpaka nje, akautazama juu ya nguzo akikinga macho na jua kwa kiganja, na nguzo ikamtazama. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo angelifanya siku ya kwanza kama si kuiamini mno kompyuta: alichomoa modemu, akachomeka simu ya sebuleni, akaweka mkono wa simu sikioni.

Haikuwa kimya kabisa. Kwa mbali alisikia saa ikienda tiki-taka, tasbihi inagusana punje kwa punje, na sauti ya mama yake, "Subhanallah, Subhanallah."

Aliingia chumbani bila hodi. Bi Swaumu alikuwa ameketi kwenye mswala. Pembeni yake, juu ya kitambaa cha kufuma, mkono wa simu ulikuwa umelazwa chali.

"Mama! Ni wewe unayeiondoa? Ni hao majirani wamekwambia mwenye eda asisikie sauti za wanaume?"

"Si hayo, mwanangu." Bi Swaumu hakuinua macho. "Baba yako alikuwa anapiga saa tisa, kabla ya kufunga duka. Kila siku. 'Nije na nini?' Namwambia, 'Njoo mwenyewe.' Sasa watu wanapiga saa ileile, simu inalia, nami nainuka. Miguu inainuka yenyewe."

Khairat alikuwa na maneno ya hasira mdomoni. Akayameza. Akachuchumaa, akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

"Laini ni moja: mimi nikiwa kwenye intaneti, simu hii hailii hata apige nani. Niachie laini, Mama. Saa tisa nitaikalia mimi."

Modemu ilipiga kelele zake, ikatulia. Barua ilikwenda saa tisa na dakika ishirini na sita.

Kwa muda wa wiki saba zilizofuata Khairat alijiunga kila siku saa tisa, hata pasipo kitu cha kusoma. Kisha akaitwa, akasailiwa, akapewa kazi. Alifurahi kweli, na furaha hiyo ilimuuma: sasa saa tisa nani angeikalia laini?

Siku ya kwanza kazini, mchana wote, aliitazama simu ya mezani. Ilipofika saa tisa kamili akapiga nyumbani akitegemea kusikia kwamba laini inatumika. Ikaita. Mara ya nne ikainuliwa. Kwa mbali saa ilikuwa inagonga.

"Mama, ni mimi," akasema Khairat. Halafu, bila kupanga: "Nije na nini?"

Khairat akageukia ukutani ili wenzake wasimwone machozi.

"Chumvi imekwisha," akasema Bi Swaumu. "Na usichelewe."

Khairat akafungua daftari jipya la ofisi, ukurasa wa kwanza, akaandika: chumvi.