Siku Nilipomkagua Mbuzi wa Ukweni

Jamani, hili nalisimulia kwa aibu, maana hadi leo nikipita njia ya Oldonyo Sambu nageuza uso. Kazi yangu ni kununua mbuzi mnadani na kuwauzia wachinjaji wa mjini, na mbuzi simwamini mpaka nimemkagua mara mbili (ya kwanza muuzaji anaona, ya pili ni ya kwangu). Mdogo wangu Elia alipotaka kumposa Nai, mwalimu wa Kiingereza, familia ikanipa mimi usemaji, eti sidanganyiki.

Nai mwenyewe ndiye aliyewahi kuniambia kwamba mtu wa aina yangu kwa Kiingereza anaitwa wary, yaani anayekaa chonjo kwa kuhisi hatari. Neno likanikolea. Nikawa najitambulisha nalo hata kwa watalii.

Basi tumefika kwao Oldonyo Sambu, shikamoo zimeisha, chai imenywewa, baba yake Nai akaagiza aletwe mbuzi wa wageni tumwone kabla hajachinjwa, na hapo mgeni mwenye akili hushukuru akakaa. Mimi mkono ukatangulia: nikampanua mdomo nikahesabu meno, nikambinya mgongo, nikainua mkia (ndiyo, mbele ya wakwe), halafu nikatikisa kichwa kama ninavyofanya nikitaka muuzaji ashushe bei. Elia akanivuta koti. Badala ya kuomba radhi nikataka kuonekana msomi, nikamwambia mzee asijali, mimi ni wary tu.

Mzee akamgeukia binti yake amweleze maana. Nai akaniangalia mimi.

“Shemeji, hilo neno ni la mtu anayeogopa kudhurika. Hapa kwetu umeogopa nini?”

Mzee akasema, taratibu kabisa, mbuzi arudishwe zizini, na sisi tukitaka binti turudi siku nyingine na msemaji mwingine.

Siku ya kurudi, Elia alikwenda na baba mdogo, mtu asiyejua bei ya kitu chochote duniani, wakala, wakashukuru, wakakubaliwa. Mimi nilibaki nyumbani Moshono nikisubiri simu.

“Kaka, harusi utakuja,” Elia aliniambia. “Ila ukipewa sahani, kula.”

Nilikwenda, nikala nilichopewa bila kukigeuza, na ukweni kwa watu sitakagua tena hata kiti cha kukalia.