Mkeka Mwembamba wa Bibi

Chaa. Halafu kimya kidogo. Chaa.

Hiyo ni sauti ya bibi yangu, mama yake mama, akichana ukindu. Alikuwa akishika jani, analipasua kwa ukucha wa kidole gumba, analivuta mpaka mwisho taratibu. Mbagala yetu ina kelele za kila namna: singeli kwa jirani, bodaboda, muuza kahawa anayegonga vikombe vyake. Lakini mie nikiamka asubuhi nilikuwaga naisikia hiyo chaa kwanza, ndiyo najua bibi yupo na siku imeanza.

Bibi alitoka kusini, upande wa Kilwa, akaja Dar akiwa mke wa mtu, na mkeka begani. Hakuja na kitanda wala sufuria. Alisema kwao mwanamke akiolewa, ndugu wa upande wa mama yake lazima wamsukie mkeka, maana huo mkeka ndiyo nyumba yenyewe. Unaulalia, unakula juu yake, mgeni akija unamtandikia, mtoto akizaliwa analazwa hapo. Na mtu akifa, kaburini, juu ya vile vibao vinavyomfunika, unatandikwa mkeka ili udongo usimwagike kwake.

Rangi nazo zilikuwa na habari zake. Mama yake bibi alipata nyekundu kwa kuchemsha magome, na nyeusi kwa kufukia ukindu kwenye tope la bondeni mpaka ukolee. Bibi mwenyewe alikuja kukuta rangi za unga dukani, zambarau na kijani kali, akazipenda mpaka akasahau habari za tope. Alikuwa na nakshi moja ya vidoa vidogovidogo aliyoiita macho ya kuku. Niliwahi kumuuliza:

"Bibi, nani aliyeanza haya mambo?"

"Mambo gani?"

"Kusuka mikeka. Yule mtu wa kwanza kabisa."

"Mie nilimkuta mama anasuka. Mama naye alimkuta mama yake. Nenda kamuulize huyo, mke mwenzangu, na ukimwona unisalimie."

Ndivyo alivyoniita, mke mwenzangu, eti tunagombea babu ambaye mie sikuwahi hata kumwona.

Mie kazi yangu ni kusuka nywele. Shule niliishia kidato cha pili, sina mengi ya kujivunia huko, lakini vidole vyangu vinasifiwa mpaka Tabata. Nina ndoto ya saluni yangu mwenyewe, yenye mlango wa kioo na viti vinavyozunguka. Bibi alikuwa anacheka akinisikia. Anasema wateja wangu wanakaa mwezi mmoja wanafumua, wa kwake wanalala juu ya kazi yake hadi wanapata wajukuu.

Halafu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Tulipomrudisha nyumbani kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichotazama ni ule ukili aliokuwa anausuka, umeviringishwa kwenye kona kama tairi. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu. Unausuka kwanza, ukitosha ndiyo unashona utepe kwa utepe mpaka upate mkeka.

"Ule ni wangu," akasema. Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida. "Wa kuendea."

Mjomba, mwanaye wa mwisho tunayeishi naye, akajifanya hajasikia. Bibi akarudia. Mjomba akasema, "Mama, utapona. Na mikeka imejaa sokoni, hata ya plastiki ipo mizuri, ina maua."

"Plastiki haiozi," bibi akasema. "Mie nitaoza, yenyewe imekaa tu inanitazama?"

Tulicheka wote, mjomba akatoka nje kufuta macho. Mkeka wa ukindu wa kununua nao hakuutaka. Alisema hawezi kufunikwa na mkono wa mtu asiyemjua.

Basi nikasema, "Bibi, nitasuka mie."

Nilikuwa na furaha kabisa, siwezi kudanganya. Niliona ni jambo dogo, kusuka si ni kusuka? Nikabeba ukindu hadi saluni, nikawa nasuka wateja wakipungua. Mteja mmoja, mama muuza mihogo, akaniuliza, "Sista, hizo rasta za nani, za mbuzi?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Nikamjibu kwamba ni za bi harusi mmoja mkubwa sana, akae mkao wa kula atapata mwaliko. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilinitoka tu.

Ukili wangu ulitoka mzuri, unang'aa, umebana. Nikampelekea bibi. Akaupitisha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, akatikisa kichwa.

"Umesuka kichwa cha mtu," akasema.

Sikumwelewa mpaka nilipoushona kando ya ule wa kwake. Wa kwake ulilala chini kimya. Wangu ulikunjamana, ukavuta mkeka wote, katikati pakainuka kama mgongo wa kobe. Mie nywele nazikaza ili zisifumuke upesi, vidole vyangu vimezoea hivyo. Ukindu hautaki. Ukindu unakauka, unajibana wenyewe, kwa hiyo unatakiwa uuachie nafasi tangu mwanzo.

"Fumua," bibi akasema, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. "Mwache apumue."

Nilifumua wote. Majani mengi yalikatika, ikabidi nichane mengine. Bibi alikuwa analaza mkono wake wa kushoto juu ya wangu, kila nikikaza ananigonga na kidole. Siku nyingine alisinzia hivyohivyo mkono ukiwa juu yangu, nami naendelea kusuka polepole nisimwamshe. Nadhani sijawahi kukaa naye karibu vile hata nilipokuwa mtoto. Nilikuwa namsimulia saluni yangu itakavyokuwa. Siku moja akaniambia niweke mkeka mlangoni kwenye hicho kioo, watu wavue viatu. Nikasema, bibi, saluni haivuliwi viatu. Akasema, "Basi hiyo siyo nyumba."

Mwishoni hakuwa anaongea. Alikuwa anatazama mkeka tu, mie nautandika karibu naye kila nikishona utepe mpya. Ulikuwa unapanuka. Zilibaki tepe chache.

Aliondoka alfajiri. Nilimkuta nilipompelekea uji. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu, nikawa nimesimama nao, sijui niuweke wapi.

Msiba ukajaa nyumba. Wazee wakasema azikwe siku hiyohiyo, baada ya adhuhuri. Mie nikakaa chini chumbani, nikaendelea kushona mkeka wakati wanawake wanamwosha. Shangazi mmoja alitaka kunizuia, mwingine akamwambia, mwache. Sindano ikanichoma mara kwa mara. Mjomba alipokuja mlangoni kuuchukua, bado ulikuwa mwembamba.

"Mjomba, haujafika."

"Umefika, mama," akasema. Akaukunja vizuri, akauweka begani.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Tulibaki tukisikiliza sauti za wanaume zikipungua kuelekea barabarani. Nilikaa nimekodoa macho mlangoni mpaka waliporudi, miguu yao myekundu kwa udongo. Nikamfuata mjomba bombani alipokuwa anajisafisha.

"Mkeka ulilala vizuri?"

Alijua nauliza nini. Angeweza kunidanganya, namshukuru hakufanya hivyo.

"Mbele ulimtosha. Upande wa mgongo palibaki wazi kidogo. Tukaziba na majani ya mgomba."

"Mabichi?"

"Mabichi."

Akanishika kichwa kwa mkono wenye maji, akaenda kukaa na wenzake.

Matanga yalipoisha, watu wakaondoka, mjomba akarudi kazini. Nyumba ilikuwa na mwanga wa jioni, mlango umefungwa, mie peke yangu. Nilisogeza viti. Nikalala sakafuni kwenye saruji, ubavu wa kulia, nikaelekea Kibla kama wanavyowalaza. Saruji ilikuwa ya baridi. Nikapeleka mkono nyuma, nikapapasa mgongo wangu, nikijaribu kujua ni wapi hasa palipobaki wazi. Mkono haukufika kote. Nikafungua kanga niliyojifunga kiunoni, nikaivuta mpaka nyuma, nikajifunika hapo.